Shamba Lililoteremka Ziwani

Msomaji asiulize nchi hii iko wapi. Haimo katika ramani yoyote, na kama imo, basi mchoraji amekosea. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba ilikuwa nchi iliyobarikiwa milima na ziwa, na kwamba ilitawaliwa na mtu aliyependa kitu kimoja tu chini ya jua, nacho ni unyoofu.

Tumwite Mkuu wa Nchi, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyopenda kuitwa hata na mkewe. Alichukia kila kilichopinda. Barabara ya kwenda Ikulu ilinyooshwa ikapita katikati ya shule, na watoto wakafundishwa kuiheshimu kutoka pande zote mbili. Mto uliopita mjini uliandikiwa barua ya onyo. Wazee waliopinda migongo kwa kulima walikatazwa kusimama kando ya njia siku za msafara, mpaka hapo watakapopata nafuu. Wananchi waliona hekima katika mambo hayo yote, na wale ambao hawakuiona walisaidiwa kuiona.

Siku moja Mkuu wa Nchi alipanda helikopta kwenda kuzindua kisima. Kisima hicho kilikuwa kimezinduliwa mara kadhaa, lakini maji yake yalikuwa bado hayajaamini. Pembeni yake alikaa Mheshimiwa Ngwandu, Waziri wa Kilimo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kumpa mkubwa wake jibu lisilopendeza. Walipopita juu ya Milima ya Ngurika, Mkuu wa Nchi aliinamisha kichwa dirishani, akakunja uso.

"Ngwandu, mikunjo ile ni ya nini?"

"Ni matuta, Mheshimiwa. Watu wa kule wanapolima huuzungushia mlima matuta, kama mtu anavyojifunga mkanda."

"Nani aliwaruhusu kuipinda milima yangu?"

Ukweli ni kwamba matuta yale yalikuwapo tangu enzi za mababu. Wakoloni walipokuja waliyakuta, wakawachapa watu viboko ili watengeneze kile walichokuwa wakikitengeneza tayari. Lakini habari hiyo ni ndefu, na helikopta ina kelele.

"Wakoloni, Mheshimiwa," alisema Ngwandu.

Mkuu wa Nchi alitikisa kichwa kwa uchungu. Rubani naye akatikisa chake, kwa kuwa alikuwa na familia.

Kabla kisima hakijazinduliwa, Sheria ya Unyoofu wa Mashamba ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Iliamuru kwamba matuta yote yavunjwe. Kwamba kila mstari wa mazao uanzie kileleni na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni, kama uzi wa fundi mwashi. Na kwamba miti, majani ya kingo na kila kitu kinachozuia jicho kuiona mistari hiyo kutoka angani kifyekwe. Ngwandu alipandishwa cheo, akawa Waziri wa Kilimo na Unyoofu.

*

Watu wa Ngurika walikuwa na desturi yao. Kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kilikuwa na masale manne, moja katika kila pembe. Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu, usioelewa maana ya kufa: ukiukata unaota, ukiulaza chini unaota, ukiusahau unaota zaidi. Waliokosana walipelekeana jani lake, na ugomvi ukaisha. Na mtu alipokufa, alizikwa ndani ya masale ya kwao. Asiyekuwa na udongo ndani ya masale yake alipelekwa bondeni, mahali palipoitwa Kwa Wapita Njia, akazikwa kati ya wageni. Hakuna mtu wa Ngurika aliyewahi kurudi huko kumlilia maiti mara ya pili.

Tena kulikuwa na adhabu. Mtu aliyehamisha isale kwa mkono wake, hata kwa upana wa kiganja, alihukumiwa kuurudisha udongo wote mahali ulipotoka, kikapu kwa kikapu, juu ya kichwa chake, mchana kweupe, watu wakimtazama. Serikali ilipotunga sheria zake ilizitupa desturi zote za mababu kama ushenzi, isipokuwa hii ya masale, kwa sababu Wizara ya Ardhi haikuwa na wapimaji. Hivyo isale likawa sheria ya nchi, likagongewa muhuri: *Ardhi ni ya yule ambaye isale lake, lisilohamishwa kwa mkono wa mtu, limesimama.*

Huko Ngurika aliishi Bibi Nakijwa, mjane wa Ndelamio. Masale yake yalijulikana mlima mzima, maana majani yake yalikuwa na mstari wa njano, mbegu aliyokuja nayo mama mkwe wake siku ya kuolewa. Hakuna ukoo mwingine uliokuwa nayo. Ndelamio alizikwa humo shambani, katika kaburi lililojengewa mawe, na ubavuni pake paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Bibi Nakijwa alipochoka kulima aliegesha jembe lake juu ya nafasi ile, akaliambia kaburi, "Nisubiri, Baba Eliwaza. Naja, lakini si leo, maharage hayajakauka."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: siku yake ikifika, alazwe pale.

*

Mheshimiwa Ngwandu alikuja Ngurika na kamba ndefu. Alikuja pia na Bwana Shamba Yonazi, kijana wa palepale mlimani, ambaye serikali ilimpeleka ng'ambo kusomea udongo. Yonazi aliujua udongo na maji vizuri sana, na kwa sababu hiyo alipewa kazi ya kushika ncha ya kamba.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Taifa lililonyooka haliwezi kula chakula cha shamba lililopinda! Matuta haya ni makovu ya utumwa! Je, mtu huru huzunguka mlima? Mtu huru hupanda na kushuka!"

Watu walipiga makofi, kwa kuwa mgambo walikuwa wameanza kupiga.

Bibi Nakijwa akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, karibu kwetu. Mimi nina neno dogo. Mvua ikinyesha hapa, maji hushuka yakakuta tuta, yakakaa. Yakishiba hushuka, yakakuta lingine, yakakaa. Sasa ukishayanyooshea njia, yatakaa wapi?"

"Mama yangu, maji ya nchi hii ni ya nchi hii. Yatafuata maelekezo."

"Hata yale yaliyoingia Bungeni mwaka jana kupitia darini?"

Watu wakacheka. Mgambo wakawatazama, wakaacha.

"Lile paa," alisema Mheshimiwa kwa upole, "lilivuja kwa sababu za kitaalamu."

"Vema. Basi na mtaalamu aseme. Mwanetu Yonazi, wewe ulivuka bahari kwa ajili ya jambo hili hili. Mama yako aliuza ng'ombe ukapate viatu. Unasemaje?"

Yonazi aliitazama kamba. Akaitazama kutoka ncha yake mpaka ncha ya pili, kama mtu anayetafuta mahali pa kutokea.

"Kamba imenyooka, mama," akasema.

"Tumesikia," alijibu Bibi Nakijwa, akaketi. "Kamba imenyooka."

Tangu siku ile, mtu wa Ngurika akiulizwa swali ambalo jibu lake lingemponza, alisema tu kwamba kamba imenyooka, na aliyeuliza akaelewa.

Matuta yakavunjwa. Miti ikafyekwa. Mlima wote ukachorwa mistari kuanzia kichwani hadi miguuni, mfano wa punda milia, na Mkuu wa Nchi alipopita angani alitokwa na machozi ya furaha, tukio ambalo lilitangazwa redioni kama mvua ya kwanza ya msimu.

*

Kisha ikaja ya pili.

Ni lazima tukiri kwamba hakuna raia aliyeipenda Sheria ya Unyoofu kama maji yalivyoipenda. Yaliposhuka hayakusita, hayakuuliza, hayakukaa. Yalifuata mistari kama yalivyoelekezwa, na kwa kuwa yalikuwa na adabu hayakwenda mikono mitupu. Udongo mweusi ulitangulia, ule unaokaa juu, wenye rutuba. Ukafuatwa na mwekundu. Mto Mkolo ukawa mzito kama uji wa ulezi. Msimu uliofuata mahindi ya Ngurika yalifika magotini yakakata tamaa. Msimu uliofuata huo, mawe yaliyokuwa yamelala chini ya ardhi tangu kuumbwa kwa ulimwengu yalitoka nje kuona nani anayasumbua.

Huko chini kulikuwa na Ziwa Lumbe. Wavuvi wa Lumbe waliona maji yamegeuka rangi. Wizara ikaeleza kwamba ziwa limevaa sare. Baadaye mitumbwi ikaanza kukwama katika tope mbali na ufuko, na nyavu zikaleta viazi. Mabomba ya mji mkuu yakatoa kitu ambacho kilibidi kikatwe kwa kisu, na wananchi wakashauriwa kutokiita tope bali maji yenye lishe. Wajumbe wa wavuvi walikwenda kwa Mheshimiwa Ngwandu.

"Mheshimiwa, ziwa linajaa udongo. Samaki hawana pa kuzalia."

"Ziwa halijai," alijibu Mheshimiwa. "Nchi inakua."

Wavuvi wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameliangalia jambo hilo kwa upande huo.

"Majirani zetu," aliendelea, na waandishi wa habari wakafungua kalamu zao, "wamepigana vita ili kupata ardhi. Wamezika vijana wao. Sisi hatukufyatua risasi hata moja. Tumelima tu! Leo taifa letu ni pana kuliko lilivyokuwa jana, na mvua ikitujalia, kesho litakuwa pana zaidi. Na nyinyi, ndugu zangu wavuvi, msihuzunike. Kuanzia leo ninyi ni wavuvi wa nchi kavu."

Wakagawiwa majembe.

Nchi hiyo mpya iliitwa Ardhi ya Neema. Ilikuwa tambarare, laini, nyeusi, nayo ilianzia ufukoni mbele ya nyumba ya Mheshimiwa Ngwandu mwenyewe, ambaye zamani alikuwa akikaa barazani kwake akisikia mawimbi. Mkuu wa Nchi alimkabidhi yote pamoja na nishani. Redio ilieleza kuwa jambo hilo halikuwa na upendeleo wowote, kwa kuwa kila mtoto hukaa kwa baba yake.

*

Jumapili moja ya mvua kubwa, watu wa Ngurika wakiwa kanisani, kihamba cha Bibi Nakijwa kiliondoka.

Hakikuondoka kidogo kidogo kama vingine. Udongo wake uliobaki, uliokwisha kulegea na kukosa mizizi ya kuushika, ulijing'oa juu ya mwamba kama kifuniko cha chungu, ukateleza mzima mzima mpaka mtoni pamoja na migomba yake, na masale manne yamesimama katika pembe zake, wima, kama wapagazi wanaosindikiza machela. Mto uliufungulia njia. Wapo walioliona shamba hilo likipita darajani wakalivulia kofia, wakidhani ni mtu wa serikali.

Bibi Nakijwa aliporudi na kitabu chake cha nyimbo alikuta jabali tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Kaburi la Ndelamio lilikuwapo, maana mawe yake yalishikana na mwamba, limesalia peke yake kama jino la mwisho. Ile nafasi ya ubavuni haikuwapo. Alilipiga jabali kwa jembe, likatoa cheche. Akalipiga tena.

Jirani yake Namsifu alikuja akamshika bega. "Dada, acha. Utalivunja jembe."

"Hapa hawanilazi, Namsifu."

"Mungu yupo."

"Mungu yupo, lakini udongo haupo. Watanishusha Kwa Wapita Njia, nikalale na watu nisiowajua hata majina, na huyu mwanamume atanisubiri mpaka parapanda." Akajifunga khanga kiunoni. "Nipe kikapu chako."

"Unakwenda wapi?"

"Shambani."

Akateremka akifuata mkokoto wa tope.

*

Mgambo aliyelinda Ardhi ya Neema aliitwa Sechonge. Alimkuta bibi kizee ameketi chini ya mgomba, akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi. Huku hakupitwi."

"Marahaba, mwanangu. Sipiti. Nimefika."

"Umefika wapi? Hili ni shamba la Mheshimiwa."

"Mpaka kwenye lile isale, ni la Mheshimiwa. Kuanzia pale kuja huku ni kwangu. Huoni majani yana mstari wa njano? Na mgomba huu umeinama kwa sababu marehemu mume wangu alifunga ndama hapa akasahau. Uliza mtu yeyote Ngurika."

"Bibi, Ngurika si kule mlimani?"

"Ndiko."

"Sasa kwako kumefikaje huku?"

"Kumehama. Nami nimekuja kukuangalia, kama kunaendelea vizuri."

"Shamba halitembei, bibi!"

"Hata mimi niliamini hivyo, baba, mpaka Jumapili. Kula ndizi."

Sechonge alikula, kwa kuwa mshahara wake nao ulikuwa umehama. Mheshimiwa Ngwandu alipofika na miwani yake ya jua, aliwakuta wamemaliza chane nzima. Alimwonyesha Bibi Nakijwa nishani yake, naye Bibi Nakijwa akamwonyesha masale yake. Hawakuelewana. Bibi kizee akashitakiwa kwa kuingia ndani ya taifa bila ruhusa.

*

Mahakama ilijaa. Hakimu Elihaki, mzee mwembamba aliyekaribia kustaafu na aliyetamani sana kufika huko, aliketi chini ya picha ya Mkuu wa Nchi na kuomba kesi iwe fupi. Wakili wa serikali, Bwana Kilave, alisimama.

"Mheshimiwa Hakimu, jambo hili ni jepesi. Sheria inasema isale likihamishwa kwa mkono wa mtu, si mpaka tena. Masale ya mshitakiwa yamehama kutoka Ngurika hadi Ziwa Lumbe. Kwa hiyo si mpaka, na shamba si lake."

"Mshitakiwa?"

"Bwana Hakimu, ni kweli yamehama. Lakini sheria inasema *kwa mkono wa mtu*. Nami naomba huyu baba, kwa hisani yake, ataje ni mkono wa nani."

Bwana Kilave akafungua kinywa. Kisha akakitazama kile kilichokuwa karibu kutoka humo, akakifunga.

Maana tazama jinsi mambo yalivyokaa. Kama masale yalihama yenyewe, bila mkono wa mtu, basi yalikuwa mpaka halali, na lile pande la Ardhi ya Neema lilikuwa la mjane. Lakini kama ulikuwapo mkono, basi mwenye mkono alistahili adhabu ya mababu, abebe udongo kichwani mchana kweupe. Na ule mkono uliovunja matuta na kuinyoosha mistari ulikuwa umevaa saa ya dhahabu, umekaa mstari wa mbele.

"Aitwe mtaalamu," alisema Hakimu, akijifuta jasho.

Yonazi akapanda kizimbani.

"Wewe ni Bwana Shamba. Ni kitu gani kilichouondoa udongo wa Ngurika?"

Mheshimiwa Ngwandu alikohoa kidogo. Mama yake Yonazi, aliyekaa nyuma kabisa, hakukohoa.

"Kamba ilikuwa imenyooka," alisema Yonazi.

Mahakama nzima ikaguna. Mlimani kote hapakuwa na mtu asiyejua neno lile limebeba nini. Hata Hakimu Elihaki alilielewa, naye hakupenda kulielewa. Akaahirisha shauri kwa muda wa kunywa chai. Akaenda chumbani mwake, akapiga simu, akasikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akarudi uso wake umenawiri.

"Mahakama imeridhika kwamba mkono wa mtu ulikuwapo. Je, ni nani aliyelima shamba lile kwa mistari iliyonyooka? Si Mheshimiwa, yeye alishauri tu. Si Bwana Shamba. Yeye alishika kamba tu. Jembe lilikuwa mkononi mwa mshitakiwa! Kwa hiyo mshitakiwa ndiye aliyeyahamisha masale yake mwenyewe. Tunamhukumu kwa sheria ya mababu: ataubeba udongo wote wa Ngurika alioumwaga ziwani, kikapu kwa kikapu, juu ya kichwa chake, mpaka aurudishe alikoutoa."

Mheshimiwa Ngwandu alipiga makofi kabla ya kufikiri, kama ilivyokuwa desturi yake katika hotuba zote. Bwana Kilave naye akapiga. Bibi Nakijwa aliinama mbele ya kiti cha hukumu.

"Bwana Hakimu, nimekosa. Udongo wote?"

"Wote! Hadi chembe ya mwisho!"

"Na mtu akinizuia nisiubebe?"

"Atakuwa ameidharau mahakama, naye atafungwa."

"Ahsante, Bwana Hakimu. Mungu akuweke ufike pensheni."

Mheshimiwa Ngwandu aliacha kupiga makofi. Lakini wakati huo hukumu ilikuwa imekwisha kugongewa muhuri.

*

Akaanza siku ileile. Askari wawili waliwekwa kumlinda asitoroke, mmoja wao akiwa Sechonge. Kwanza alikata matawi ya masale yake, akayapanda katika nyufa za jabali, kila moja katika pembe yake. Kisha akapanda na kushuka, kikapu kichwani, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya tatu.

Ikatokea shida. Udongo uliomwagwa juu ya jabali lililonyooka ulitaka kurudi ziwani. Sechonge akaingiwa na hofu, maana alikuwa ameamriwa kuhakikisha kwamba udongo unarudi. Na udongo ukipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Akapanga mawe kukingama mlima, mstari ulioufuata mwili wa mlima, ukaingia ulipoingia na kutoka ulipotoka. Mwenzake akamwambia, "We bwana, hilo si tuta?" Sechonge akamjibu, "Tuta limekatazwa. Hiki ni kizuizi cha kidhibiti cha mahakama." Yonazi alipita siku moja akayatazama mawe yale. Akavua viatu, akashika jiwe moja lililokaa vibaya, akalisogeza. Na kesho yake akarudi.

Ndipo watu wa Ngurika wakaanza kwenda mahakamani.

"Bwana Hakimu, nami nililima mistari iliyonyooka. Nakiri kosa."

"Mimi pia, tena mimi kosa langu ni kubwa kuliko lake, shamba langu lilikuwa pana."

"Huyu anajisifu tu, Bwana Hakimu! Lake lilikuwa la mawe tangu zamani. Nihukumu mimi kwanza, nina watoto wa kulisha!"

Hakimu Elihaki hakuweza kuwaachilia. Angewaachilia, ingekuwa sharti aeleze kama si mkono wao, ulikuwa wa nani. Akawahukumu wote, akilia. Wavuvi wa nchi kavu wakaleta majembe yao waliyogawiwa, wakawachimbia wahalifu bila malipo. Mji mkuu ukashangaa kuona mlima mzima wa wafungwa, wanaume kwa wanawake, wakipanda na vikapu na kushuka wakicheka, chini ya ulinzi mkali wa serikali, wakiihamisha Ardhi ya Neema kutoka mlangoni kwa Waziri. Na kila walipochota, ziwa lilisogea taratibu kukaa mahali pake pa zamani.

Mheshimiwa Ngwandu alipanda Ngurika mwenyewe, kwa miguu, maana gari halikuweza njia iliyopinda. Alimkuta Bibi Nakijwa amesimama ubavuni mwa kaburi.

"Mama yangu," alisema akitweta, "basi. Nimekuletea habari njema. Mkuu wa Nchi amekusamehe. Ninyi nyote. Nendeni nyumbani mkapumzike."

"Amenisamehe nini?"

"Kosa lako."

"Mheshimiwa, kosa langu mimi nalijua." Akaligeuza jembe, akachomeka mpini wake katika udongo mpya. Ukazama kidogo, ukagota. "Unaona? Kosa langu bado halijafika hata magotini. Mtu hazikwi katika kina hiki, fisi watanicheka. Nikikubali msamaha leo, nitakuwa nimeidhulumu serikali."

"Lakini msamaha wa Mkuu wa Nchi haukataliwi!"

"Basi nishitaki, nihukumiwe. Adhabu yake ni ipi? Isije ikawa ni kubeba udongo."

Namsifu, aliyekuwa akipita na kikapu, alicheka hadi akakitua.

Hivyo nchi ile ikawa ya kwanza duniani ambayo wahalifu wake waliukimbia msamaha. Mkuu wa Nchi alipopita angani na kuona vizuizi vya vidhibiti vimeuzunguka mlima wote, aliuliza ni nani tena amempindia milima yake. Akajibiwa kwamba ni mahakama, na kwamba kila kipande kina muhuri. Helikopta ikatua. Kisha akaunda tume ya watu wenye shahada, ichunguze ni nani aliyewafundisha watu wa Ngurika kutii sheria.

Tume ilipanda mlimani na viti vyake. Ilimhoji Yonazi, ambaye kwa mara ya kwanza alisema mambo mengi, hata katibu akaishiwa wino. Ilimhoji Sechonge. Mwisho ikamwita Bibi Nakijwa, ikamuuliza anatarajia kuwa mhalifu mpaka lini.

Bibi kizee aliuchomeka mpini wa jembe ubavuni mwa Ndelamio. Ulizama hadi nusu.

"Siku mpini utakapozama wote," alisema, "njooni. Siku hiyo nitalala, nanyi mtaniona nimenyooka kuliko kamba yenu."

Tume iliandika jibu hilo kwa makini, ikaomba kuongezewa muda. Bibi Nakijwa, aliyekuwa amekwisha kujitwisha kikapu, aliomba vivyo hivyo, ila yeye hakumwomba Mkuu wa Nchi.